Sura ya Sita: Mbio Bila Mwizi

Mtu anayepatwa na shambulio la hofu hajui kwamba ni hofu. Anachojua ni kwamba anakufa. Yeyote anayetaka kumsaidia, awe mke, ndugu, mchungaji au daktari, aanzie hapo. Maneno tuliyoyazoea, "tulia", "jikaze", "ni mawazo tu", hayamfikii, kwa sababu mwili wake wote unamwambia jambo jingine, tena kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Tumchukue kijana mmoja wa Soko la Burma, Nairobi. Nimemuunda mwenyewe ili tuyaone mambo kwa karibu, lakini kazi yake ipo, na anayepita Barabara ya Jogoo alfajiri ataiona. Magari ya nyama yanaingia kutoka machinjioni. Vijana waliovaa makoti meupe yaliyokwisha kupoteza weupe wanainama nyuma ya gari, wanapokea paja la ng'ombe begani, kisha wanaenda nalo kwa hatua fupi za haraka hadi kwenye kulabu za bucha, wakipaza sauti watu wapishe. Ndani shoka linashuka kwenye gogo, mizani inayumba, na upande wa pili akina mama wanasuuza matumbo kwenye ndoo, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenye hoteli wanafika mapema kuchagua mbavu. Supu ya kichwa iko jikoni tayari.

Kijana wetu ana miaka 26 na kazi hii ameizoea. Asubuhi moja, akiwa ametundika paja na kugeuka kurudi garini, moyo wake haupungui mbio. Anasubiri utulie, hautulii. Kifua kinabana. Ncha za vidole na midomo vinaingia ganzi, jasho jembamba la baridi linamtoka mgongoni, na soko lote linaonekana kama limesogea mbali ingawa amesimama katikati yake. Anashika nguzo. "Boss," anamwambia mwenzake, "nakufa." Wenzake hawafanyi mzaha. Wanamkalisha kwenye kreti, wanamfungua koti, mmoja anakimbilia soda, mwingine anasimamisha bodaboda. Anapofika zahanati, presha imepanda kidogo tu na moyo umeanza kurudi kawaida. Anayempima haoni kitu. Anampa dawa ya gesi na kumwambia akapumzike.

Wiki mbili baadaye linampata tena, safari hii ndani ya matatu, amekaa tu, hajabeba chochote. Kuanzia siku hiyo maisha yake yanaanza kupungua, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.

Shambulio moja si ugonjwa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliokusanya watu kutoka nchi 25, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba takriban watu 13 katika kila 100 hupatwa na shambulio la aina hii wakati fulani maishani, ilhali wanaopata maradhi yenyewe hawafiki 2. Tofauti yao ni kile kinachofuata. Mwenye maradhi ya hofu ya ghafla hupatwa na mashambulio yanayojirudia, angalau mengine yakija bila sababu inayoonekana, kisha kwa mwezi mmoja au zaidi anaishi akilingoja lijalo, au anabadili mwenendo wake ili lisije. Mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya thelathini, na wanawake huyapata karibu mara mbili ya wanaume. Nina wasiwasi kwamba hesabu hiyo ya wanaume ni ndogo kuliko ukweli mahali kama Burma, ambako mwanamume hulipwa kwa nguvu ya bega lake na hakuna anayetaka kusikia kwamba anaogopa.

Ni nini hasa kinachotokea mwilini? Kila anayefanya kazi kwenye masoko ya Eastlands amewahi kuona jambo hili: mtu mmoja anapiga kelele "Mwizi!" na watu wanakimbia. Wa pili anakimbia kwa sababu wa kwanza amekimbia, wa tatu kwa sababu ya wa pili, na muda mfupi baadaye soko zima liko mbioni, kila mmoja akiona katika mbio za mwenzake ushahidi kwamba mwizi yupo. Hakuna aliyemwona. Mbio zenyewe ndizo zimekuwa sababu ya mbio.

Mwili hufanya hivyohivyo. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kutambua hatari kabla hatujapata muda wa kufikiri. Ikitoa ishara, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unapiga kwa nguvu ili misuli ipate damu. Pumzi inaongezeka. Damu inapungua kwenye ngozi, ndiyo sababu mtu anasikia baridi. Yote haya ni sawa kabisa kama mbele yako kuna panga. Lakini kijana wetu amesimama tu, na mapafu yake yanavuta hewa ya mtu anayekimbia. Anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, kiwango chake kwenye damu kinashuka, mishipa ya ubongo inajibana kidogo, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na ile hali ya kuona dunia kama si halisi. Anadhani hapati hewa. Kwa kweli anapata kupita kiasi.

Sasa anaogopa ganzi. Hofu hiyo inaongeza adrenalini, adrenalini inaongeza mapigo, mapigo yanathibitisha kwamba moyo unakaribia kusimama. Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark aliueleza mzunguko huu mwaka 1986, na maelezo yake bado ndiyo msingi wa tiba bora tuliyo nayo: kinachowasha shambulio ni maana ambayo mtu anaupa mwili wake. Moyo unaokwenda mbio baada ya kubeba paja la ng'ombe ni moyo wa kawaida. Ukiupa jina la kifo, unaongeza kasi.

Na kasi hiyo hushuka yenyewe. Hili naomba lisisitizwe nyumbani, kazini na hospitalini. Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha linapungua, umelipigania au hukulipigania. Wengi huogopa kuzirai, lakini kuzirai huja presha inaposhuka, na katika hofu presha hupanda. (Wanaozirai wakiona damu ni kundi jingine, na si rahisi uwakute wakifanya kazi Burma.)

Kuhusu jina la soko lenyewe, linatokana na vita. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa, matope na malaria hadi mto Chindwin. Waliorudi Nairobi walirudi na jina hilo. Sijui njia ya kuandika juu ya moyo na hofu mahali hapa bila kuwakumbuka, kwa sababu elimu ya maradhi haya ilianzia kwa askari. Mwaka 1871 daktari wa Marekani Jacob Mendes Da Costa alichapisha habari za wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamika kifua kubana, moyo kwenda mbio na pumzi kuwa fupi, lakini alipowachunguza mioyo yao haikuwa na kasoro aliyoweza kuiona. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Thomas Lewis aliona hali hiyohiyo kwa maelfu ya askari wa Uingereza. Kwa miaka mingi ikaitwa ugonjwa wa moyo wa askari.

Askari wetu hawakupata hata jina hilo. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, iliongozwa kuanzia 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu, kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani, akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akidai kwamba sonona ni nadra kwetu. Huo ulikuwa ubaguzi uliovikwa joho la sayansi, na madaktari Waafrika, akiwemo Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, waliupinga. Hata hivyo bado nasikia kivuli chake kila mtu anaposema kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu, au ya watu wa Karen na Lavington wenye nafasi ya kuwaza.

Ushahidi uko karibu nasi. Mwaka 2003 watafiti Athanase Hagengimana, Devon Hinton na wenzao walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wajane 100 wa Rwanda walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994. Wajane 40 kati yao walikuwa wamepatwa na mashambulio ya hofu katika wiki nne tu zilizotangulia. Wengi hawakuja wakisema "naogopa". Walisema hawawezi kupumua. Wanyarwanda wenyewe wana jina la hali hiyo, ihahamuka, na hawakufundishwa na daktari yeyote.

Kule Eastlands nako mtu hasemi anaogopa. Anasema presha. Anasema gesi imepanda kifuani, au ulcers, au kwamba kuna mtu kazini anayemwonea wivu na amemfanyia kitu. Anaenda duka la dawa, anapimwa presha mara moja katikati ya shambulio, inaonekana juu, na wakati mwingine anaanzishiwa dawa ya maisha kwa kipimo hicho kimoja. Anapimwa taifodi. Anaombewa. Simlaumu kwa lolote kati ya haya: anatafuta msaada kwa jina alilo nalo. Na mchungaji au shehe anayemshika mkono na kumwombea anampa kitu cha thamani, mradi tu asimwambie aache dawa wala kwamba shambulio la pili ni dalili ya imani haba. Kauli hiyo imewaumiza watu wengi.

Yapo mambo ambayo lazima yaondolewe njiani kwanza, na hapa sitaki mtu achukue sura hii kama ruhusa ya kutokwenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza, hasa kwa mtu aliyepita miaka 40, mwenye kisukari, presha au anayevuta sigara, ni ya moyo mpaka ithibitishwe vingine. Mtu anayezirai kweli wakati wa kazi nzito apimwe umeme wa moyo (ECG). Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, pumu na sukari iliyoshuka vyote vinaweza kuiga hofu. Kisha ziko sababu tunazojitilia wenyewe: miraa na muguka, vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa alfajiri mtu asilale kazini, bangi, na pombe inapotoka mwilini baada ya usiku mrefu. Kijana anayetafuna muguka usiku kucha kisha akabeba nyama alfajiri akiwa na chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu tumboni anaupa moyo wake kila sababu ya kwenda mbio. Kwa baadhi ya watu kupunguza vitu hivyo peke yake huleta nafuu kubwa. Lakini ukishapimwa vizuri mara moja na ukaambiwa uko sawa, kupimwa mara ya pili, ya tatu na ya saba hakuongezi usalama. Kunaongeza ugonjwa.

Nasema hivyo kwa sababu uhai wa maradhi haya uko katika kukwepa. Mfuate kijana wetu miezi mitatu baadaye. Anabeba vichwa na miguu, anawaachia wenzake mapaja, na mshahara wake wa siku umepungua. Hapandi matatu iliyojaa; akipanda anakaa karibu na mlango. Ana chupa ya maji mkononi kila wakati. Anatembea kutoka Shauri Moyo hata mvua ikinyesha. Kwenye mechi pale uwanja wa City, ule uliopewa jina la Joe Kadenge, haendi tena. Kila anachokikwepa kinampa nafuu ya saa moja na kumfundisha kwamba aliponea chupuchupu. Mwaka 1871, mwaka uleule Da Costa alipochapisha habari zake, daktari Carl Westphal wa Berlin aliandika juu ya wanaume wasioweza kuvuka viwanja na mitaa ya jiji lao bila hofu kubwa. Hofu ya mahali, mara nyingi, ni hofu ya shambulio iliyotafuta pa kukaa.

Na dawa inayouzwa kwa urahisi zaidi kwa watu wa namna hii ni aina nyingine ya kukwepa. Naizungumzia Valium, yaani diazepamu, na jamii yake. Inatuliza ndani ya muda mfupi, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini mwili huizoea, kipimo kinapanda, na anayeiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda hupata hofu mbaya kuliko ile ya mwanzo, wengine hata degedege. Ukichanganya na pombe, inaweza kuzima pumzi. Anayebeba mzigo na kushika shoka akiwa amelewa dawa hii yuko hatarini kwa namna tunayoijua sote. Mwongozo wa tiba wa Uingereza unasema wazi kwamba dawa za jamii hii zisiandikiwe watu wenye maradhi ya hofu ya ghafla. Kuzipata kaunta bila cheti cha daktari ni kinyume cha sheria, na kila mwenye duka la dawa analijua hilo.

Tiba inayofanya kazi inakwenda upande wa pili: inamrudisha mtu kwenye mapigo ya moyo wake mwenyewe. Kwa kawaida ni mazungumzo na mazoezi yaliyopangwa, kwa jumla ya saa 7 hadi 14 kwa mujibu wa mwongozo huohuo, yakigawanywa kwa wiki. Si miaka ya kulala kwenye kochi. Mtu anafundishwa kwanza mzunguko niliouelezea hapo juu, na kwa wengine siku hiyo ya kwanza peke yake hupunguza nusu ya mzigo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini vidole vinakufa ganzi. Halafu inakuja sehemu ngumu. Hebu tuone kijana akiwa mbele ya tabibu, mama wa makamo, katika chumba chenye mizani na pazia la kijani.

"Daktari, una uhakika moyo wangu uko sawa?"

"Uko sawa. Umepimwa mara ngapi?"

"Mara nne."

"Ukitoka hapa leo, utataka kupimwa tena lini?"

Kijana anatazama chini. "Pengine Jumatatu."

"Basi hatuupimi tena, kijana wangu. Simama. Tunakimbia papa hapa, mimi na wewe, dakika moja."

Wanakimbia bila kusogea. Moyo unaanza. Kijana anataka kusimama, tabibu anaendelea. Wakimaliza anamuuliza anasikia nini, na kijana anataja kila kitu: moyo, joto, pumzi. "Na umeogopa?" "Kidogo." "Kiasi gani katika kumi?" "Sita." Wanarudia. Mara ya nne anasema tatu. Wiki inayofuata wanapumua haraka kwa makusudi mpaka vidole vife ganzi, kisha wanakaa wangoje ganzi iondoke yenyewe, bila maji, bila kushika chochote. Wanazunguka kwenye kiti mpaka kizunguzungu. Wanavuta pumzi kupitia mrija mwembamba. Kila zoezi linaleta kwa makusudi hali ambayo kijana amekuwa akiikimbia, na kila mara kinachofuata si kifo. Mazoezi haya yaliendelezwa Marekani, hasa na mwanasaikolojia David Barlow na wenzake, na yanapofanywa vizuri wengi wa wanaoyamaliza huacha kupata mashambulio au hubaki nayo machache sana. Mwenye pumu, mjamzito, mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo asiyafanye kabla ya kuzungumza na daktari.

Kisha anarudi sokoni kwa hatua. Matatu kwa stage moja, amekaa nyuma. Stage tatu. Safari yote hadi Muthurwa saa ya msongamano. Kichwa cha ng'ombe begani, halafu mkono, halafu paja. Hapa kazi ya Burma ina bahati ambayo karani wa ofisini hana: kila alfajiri inauweka moyo mbioni na kuushusha tena. Akiacha kuukimbia, kazi yenyewe inakuwa tiba. Ile chupa ya maji inabaki nyumbani, na siku ya kuiacha huwa ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Nitasema neno juu ya pumzi, kwa kuwa ushauri wa "vuta pumzi ndefu" umeenea kila mahali. Pumzi ndefu na za nguvu zinaongeza tatizo, kwa sababu tatizo ni hewa nyingi. Kinachosaidia ni kupumua polepole, kwa pua, ukitoa hewa taratibu kuliko unavyoivuta. Mfuko wa karatasi mdomoni uachwe. Kama kumbe ni pumu au moyo, unaweza kuua. Na hata pumzi ya polepole isigeuke kitu ambacho mtu anaamini ndicho kilichomwokoa. Hakukuwa na hatari ya kuokolewa kutokana nayo.

Dawa nzuri pia zipo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja New York, daktari Donald Klein alijaribu imipramini kwa wagonjwa waliokuwa wakikimbilia kwa wauguzi kila siku wakisema wanakufa. Wagonjwa wenyewe walisema hawaoni tofauti, ila wauguzi waliona: walikuwa wameacha kuja mbio. Kutokana na kazi hiyo maradhi haya yalipewa nafasi yake katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Siku hizi dawa za kwanza ni za jamii ya sertralini, esitalopramu na fluoksetini. Haziletei mtu utegemezi wa aina ya Valium, lakini zinahitaji uelewa. Daktari mzuri huanza na kipimo kidogo, kwa kuwa wiki za kwanza mtu anaweza kuhisi wasiwasi umeongezeka. Nafuu huja polepole kati ya wiki 2 na 6. Wengi huzitupa siku ya tano, na si kosa lao: hakuna aliyewaambia. Ukipata nafuu unaendelea kwa angalau miezi 6, kisha unapunguza kidogo kidogo kwa kuongozwa. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu mwanzoni, na akianza kuwaza kujidhuru aonwe siku hiyohiyo.

Nani atayafanya haya yote? Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na wataalamu wa akili bado ni wachache mno, wengi wao mijini na katika hospitali za binafsi. Sioni kwamba jibu ni kungoja waongezeke. Katika utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017, wanawake 421 wa mitaa ya kipato cha chini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikutana mara tano na wahudumu wa kawaida wa jamii waliofunzwa mbinu fupi ya kisaikolojia iitwayo PM+, na msongo wao ulipungua kuliko wa kundi lililopewa huduma ya kawaida ya kituo cha afya. Utafiti huo haukuwa wa maradhi ya hofu ya ghafla peke yake, lakini unaonyesha kwamba mtu wa mtaa, asiye daktari, akifunzwa na kusimamiwa vizuri, anaweza kutibu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa vya kupimia presha na sukari. Wapewe na hili pia. Mhudumu anayeingia Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo kila wiki tayari anakutana na watu wenye presha ambayo si presha.

Na saa za huduma zifuate saa za kazi. Mbebaji wa nyama hulipwa kwa siku. Ukimpa miadi ya saa mbili asubuhi umemwambia achague kati ya tiba na unga. Soko likipoa, kabla ya adhuhuri, ana nafasi. Kliniki ikifunguliwa saa hizo atakuja.

Ikiwa wewe ndiye uliye kando ya mtu anayeshika nguzo, usimzunguke na umati. Kaa naye, sema taratibu kwamba hali hii hufika kileleni kisha hushuka, mwache apumue polepole, na mkiwa na shaka juu ya moyo mpeleke hospitali. Likipita, usimwachie paja la ng'ombe mtu mwingine kwa kumhurumia. Msaidie kulibeba.

Na kama mwenye hali hii ni wewe, nenda kituo cha afya cha kaunti kilicho karibu, Bahati au Makadara kwa watu wa upande huu, upimwe mara moja na kikamilifu. Ukiambiwa huna kitu, usiinuke kitini. Sema hivi: "Napatwa na mashambulio ya hofu ya ghafla, na nimeanza kukwepa kazi na safari. Naomba rufaa ya tiba ya mazungumzo." Kliniki za wagonjwa wa nje za Mathari na Hospitali ya Kenyatta huwapokea watu wenye hali hii. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Ukipewa Valium peke yake, uliza ni ya siku ngapi na nini kinafuata. Usipojibiwa, tafuta tabibu mwingine.